Mdogo Wangu Alijibu Kesho Yake

Mdogo wangu hakuwa mtu wa kujibu leo. Ukimwuliza jambo lolote zito kuliko kama ameshiba, alikutazama, akatazama pembeni, akasema, "Ntasema kesho." Na kesho yake kweli alisema, mara nyingi akiwa anaosha vyungu, bila kuulizwa tena, wakati wewe mwenyewe umekwisha sahau swali lako. Wageni walidhani anakwepa. Walimu walidhani hajui. Daktari mmoja alimpa mama neno refu la Kifaransa la kumweleza mtoto huyu, na mama hakulitaka nyumbani kwake, akaliacha hukohuko hospitalini.

Mama alikuwa mtu wa Kasenga, upande wa Luapula, na aliuza samaki wa kukaushwa katika soko la Ruashi, hapa Lubumbashi. Ndiye aliyegundua kwamba ukimbana mtoto huyu kwa maswali mengi anajifunga, na ukimwachia swali moja analala nalo. Basi akajiwekea utaratibu. Swali moja, asubuhi, na kitu chenyewe kiwe mbele ya macho: kama ni habari ya kikwembe cha kuvaa, vikwembe vyote viwili vitandikwe kitandani, kama ni habari ya kwenda kukaa kwa shangazi, kwanza waende huko, wale, warudi. Halafu asiongezewe neno. Sisi wengine tulikatazwa kumchokonoa. Jibu likija limekuja, na mama alilifuata hata lilipomuudhi. Alipomwuliza kama anataka kuendelea na shule, ambako walimweka benchi la nyuma wakamsahau, alijibu kesho yake, "Shule hapana. Soko." Baba alinuna wiki nzima. Mama akamtafutia kikwembe cha kazi, wakaenda sokoni wote wawili, na huko mdogo wangu akawa mtu: anapanga mafungu, anafukuza nzi, anagombana na wanaoshikashika samaki bila kununua.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu baadaye watu wenye shahada waliniambia kwamba nilichokitaka kwa mdogo wangu ni mambo ya Wazungu. Wazungu gani? Ni mambo ya mwanamke aliyenuka moshi wa samaki na kutia sahihi kwa kidole gumba.

Mama alifariki kabla nchi haijaharibika, na kwa hilo namshukuru Mungu. Baada yake kila kitu kilikwenda mrama. Kazi za migodini zikafifia, mishahara ikawa hadithi. Hospitalini ulikwenda na sindano yako na pamba yako mwenyewe. Pesa ilipoteza thamani kati ya mlango wa nyumba na mlango wa soko. Na watu walipokosa wa kumlaumu, wakatafutiwa: watu wa Kasai. Kwenye mikutano, kwenye vilabu vya pombe, hata kwenye foleni ya maji, tukaanza kusikia kwamba Katanga ingeneemeka kama si bilulu, wadudu, waliotoka Kasai kuja kula jasho la wenyeji. Baba yangu alikuwa mmoja wa wadudu hao. Alizaliwa Lubumbashi, akazeekea Lubumbashi kwenye kazi ya ukarani, na Kasai aliijua kwa kwenda kuzika tu. Lakini kwa watu wa Kasai mtu ni wa kwao babake, na wale waliotuchukia walikubaliana nao katika jambo hilo moja.

Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu wa Sakania, mwenyeji wa Katanga, fundi wa umeme, na jina lake likanifunika. Nilifundisha shule ya msingi, na wazazi wa watoto walinisalimu kwa jina la mume wangu, kwa sauti ya juu, ili majirani wasikie kwamba mimi si yule wanayemtafuta. Mdogo wangu hakuwa na jina la kumfunika. Alikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini, binti wa mtu wa Kasai, na nyumba ya baba kule Ruashi kila mtu aliijua ni ya nani.

Kisha baba mdogo alifika kutoka Likasi. Vijana waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai walikuwa wamemtoa kwenye nyumba aliyoishi tangu aanze kazi, yeye na mke wake, na vyombo vyao vikabaki barabarani vikigombaniwa na watu waliokuwa jana majirani. Walifika na godoro, sufuria mbili na mimba ya kwanza ya mama mdogo. Mama mdogo alikuwa msichana tu, karibu rika moja na mdogo wangu. Alilala naye chumba kimoja kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu wa ukoo, na wale wawili wakapendana bila maneno mengi. Mmoja alikuwa anatapika kila asubuhi, mwingine anamshikia kichwa. Mdogo wangu alimbebea mwenyewe maji ya kuoga kutoka kisimani, na hakuruhusu mtu mwingine aguse bidoni yake, lile dumu la maji.

Baba alikuwa na presha, na dawa zilikuwa hazipatikani tena. Alifariki mchana, ameketi, akisikiliza watu wanapita barabarani wakiimba nyimbo za kututukana. Kilio chake kilikuwa kifupi kwa sababu watu wa Kasai waliogopa kukusanyika. Siku ya kumaliza kilio ukaitwa mkutano wa familia, na ajenda ilikuwa moja tu: mdogo wangu atakuwa wa nani?

Ndoa ya wazazi wangu ilikuwa na utani wake wa zamani. Kwa watu wa baba, mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa watu wa mama, wa Luapula, mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mwenye neno ni mjomba. Wakati wa amani walichekana juu ya hilo kwenye kila sherehe, kila upande ukidai sisi ni wake na ule mwingine umekopeshwa. Sasa hakuna aliyecheka. Baba mdogo alitaka kumpeleka Kasai kwa treni, kwa sababu hapa atauawa. Mjomba, aliyekuja na kamyo, lori lake la samaki, kutoka Kasenga, alitaka kumpeleka Kasenga, kwa sababu kwenye treni atakufa. Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililonitia wazimu.

Na wote wawili walikubaliana kwamba lazima apate tuteur. Neno hilo walilipenda. Tuteur ni mtu anayewekwa na sheria akusemee kila kitu: ulale wapi, ule kwa nani, urithi wako ushikwe na nani, uolewe au usiolewe. Walibishana tu nani awe.

Nilisimama, mwanamke aliyeolewa, asiye na kiti katika kikao kile, nikasema hapana kwa wote wawili. Nikawakumbusha utaratibu wa mama. Nikasema mdogo wangu anahitaji mtu wa kumweleza, si mtu wa kumnyamazisha, na akipewa siku moja atasema mwenyewe anakotaka kwenda. Mzee mmoja wa kanisa la baba alinitazama kwa huruma, kama ninavyotazama mtoto aliyejikojolea darasani. Baba mdogo alisema nchi inaungua na mimi nataka wakae wangoje ndoto za mtu asiyejua kuhesabu mpaka kumi.

Halafu akafanya lile ambalo hata leo sijalisahau. Katika familia yetu, pande zote mbili, msichana akiletewa jambo, iwe mchumba au safari, hasemi ndiyo kwa mdomo. Huwekewa chupa ya sukre, soda tamu, mbele ya wazee. Akinywa, amekubali. Akiiacha, amekataa. Ni heshima kwake, maana hakuna anayemlazimisha kutamka. Mimi mwenyewe nilikunywa yangu siku ya posa. Baba mdogo akaagiza sukre nyekundu, akaifungua, akaiweka mbele ya mdogo wangu na kusema kwa sauti ya mikutano kwamba yeye ndiye atakayekuwa tuteur wake.

Mdogo wangu alipenda sukre nyekundu kuliko kitu chochote duniani. Tangu baba augue hakuwa ameionja. Akaishika kwa mikono yote miwili, akainywa mpaka ikalia chini ya chupa, akafuta mdomo na kututabasamia. Alidhani wamekumbuka kwamba amefiwa na babake na wanampa pole.

Kikao kikapiga makofi. Mjomba aliinuka, akavaa kofia yake, akasema kwamba mtoto amekunywa, na yeye hana la kuongeza. Alitoka bila kumtazama mtu. Alikuwa mtu wa mila, na mila imemshinda. Nilipomkimbilia barabarani na kumwambia kwamba amekunywa kwa sababu ana kiu, alinijibu kwamba kila msichana ana kiu.

Kilichobaki ni muhuri wa mahakama. Baba mdogo alitaka karatasi ya tuteur kabla ya safari, ili kule Kasai asije mwingine akadai. Nilikwenda nao mahakamani kwa nguvu, nikiwa nimemshika mdogo wangu mkono. Jengo lilikuwa nusu tupu. Hakimu tuliyemkuta alikuwa mzee mwembamba, na kwa lafudhi yake nilijua mara moja ni mtu wa Kasai kama baba. Alimsikiliza baba mdogo mpaka mwisho. Nikaeleza habari ya sukre, na hakimu hakucheka.

"Miye siwezi kutia cachet pa mambo ya muntu mwenye sikusikia sauti yake," alisema. "Tuteur anasema pa nafasi yake, na kisha ile, yeye inaisha. Kuko njia ingine. Anabakia na sauti yake, na bantu benye anachagula yeye mwenyewe banamusaidia kuelewa."

Baba mdogo akamwambia kwamba huyu hana uwezo wa kuchagua. Hakimu akainama mezani, akamwuliza mdogo wangu, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, ni nani angependa wamsaidie kufikiri mambo yake. Mdogo wangu alimtazama, akatazama dirisha.

"Ntasema kesho," alisema.

Baba mdogo alijipiga paja kwa ushindi. Lakini hakimu aliitikia kwa kichwa, akasema basi kesho, turudi asubuhi. Nilitoka pale nimejaa furaha ambayo siku zile hazikuwa na nafasi nayo.

Kesho yake, vyungu mkononi, mdogo wangu alisema, "Yaya. Na mama mudogo." Yaya ni mimi, dada mkubwa. Tulikimbia na jibu lile mpaka mahakamani, na mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alituambia hakimu alikuwa ameondoka alfajiri na watoto wake kwenda stesheni, kama watu wote wa kwao. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Sheria iliyomtambua mdogo wangu ilikuwa imefunga virago na kwenda kungoja treni.

Tungebaki mikono mitupu kama si mama mdogo. Yule msichana aliyeona haya hata kutapika mbele ya wageni, aliyemwita mumewe "papa" na kumhudumia kwa kupiga magoti, alimwambia mbele yangu kwamba hapandi treni yoyote mpaka mdogo wangu aulizwe inavyopaswa. Alisema amechaguliwa, na hajawahi kuchaguliwa na mtu kwa jambo lolote. Baba mdogo alitazama tumbo la mkewe, akatazama ukuta. Treni yenyewe haikuwepo bado. Akasema tufanye tunavyotaka, lakini treni ikija haitamngoja mtu.

Nikaanza kazi ya mama. Kasenga hatukuweza kwenda, njia zilikuwa mbaya, kwa hiyo nilimpeleka sokoni kamyo ya mjomba ilipokuwa inashusha mzigo. Alinusa vikapu, akakumbuka mto, akakumbuka mke wa mjomba ambaye alimsuka nywele alipokuwa mdogo. Kisha nikamleta kwangu akalala na watoto wangu, akala ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, mume wangu akamwonyesha kona ambayo angemtengenezea kitanda. Mwisho tukampeleka stesheni, mimi na mama mdogo.

Sikumficha kitu. Watu walikuwa wamelala chini ya vikwembe vilivyofungwa kwenye vijiti, familia nzima kwenye nafasi ya mkeka, wengine walikuwa pale tangu mvua za kwanza. Harufu ilikupokea kabla hujaona. Watoto walikuwa na macho makubwa na matumbo yanayoharisha. Nyuma ya ghala kulikuwa na udongo mpya, na nikamwambia ni wa nini. Nikamwonyesha mabehewa ya mizigo yasiyo na viti wala choo, nikamwambia hayo ndiyo treni. Aliweka mkono kwenye chuma akautoa, kwa sababu jua lilikuwa limekipasha. Moyoni niliomba aogope. Mtu akiniuliza kama nilikuwa na upande, nilikuwa na upande: nilitaka abaki kwangu, na nilijua hata kwangu si salama.

Asubuhi iliyofuata tulimwuliza, mimi na mama mdogo tukiwa tumeketi naye kando ya mbabula, jiko letu, makaa yakianza kushika. Sentensi moja: anataka kukaa Kasenga kwa mjomba, kwangu, au kwenda kwa treni. Akasema kesho. Na siku hiyohiyo, saa za adhuhuri, habari zikapita Ruashi nzima kwamba treni inaungwa, itatoka kesho.

Sijawahi kuichukia saa kama siku ile. Utaratibu wa mama ulihitaji siku moja ya utulivu, kitu kidogo kabisa, na nchi nzima haikuwa nayo. Vijana walipita barabara yetu mara mbili wakihesabu nyumba kwa vidole. Baba mdogo alifunga godoro, akalifungua, akalifunga tena. Alinijia mara kwa mara kuniambia nimwulize tena, nimharakishe, nimpe hata sukre. Nilimkatalia. Nilipika chakula ambacho hakuna aliyekila. Mdogo wangu alichambua mboga za lengalenga uani kana kwamba ni siku ya kawaida, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Jibu lilikuja asubuhi, mikono yake ikiwa na majivu ya kusugulia sufuria.

"Treni," alisema.

Nilimwuliza kwa nini, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya.

"Mama mudogo iko na mimba. Nani atamubebea mayi?"

Nikasema baba mdogo atambebea maji. Akaniangalia kama mtu anayevumilia ujinga. "Baba mudogo habebake mayi," alisema, na ilikuwa kweli tupu. Nikamwambia watu wanakufa kwenye treni ile, je, hakuona ule udongo. Sauti yangu ilikuwa imepanda, nilikuwa namlilia tayari. Akarudi kwenye sufuria.

"Nilibaona, yaya."

Hakuwa na zaidi ya hayo, na wala hakuhitaji. Alikuwa ameona, amelala nayo, amepima, na sababu aliyotoa ilikuwa bora kuliko sababu zote zilizotolewa na wazee katika kikao kile. Mama mdogo alijifunika uso kwa kikwembe akalia, na sikujua kama ni kwa furaha au kwa hofu. Mimi nililia kwa hofu.

Mjomba alifika tukiwa tunafunga mizigo. Mtu alikuwa amemwambia. Aliacha kamyo ikinguruma mlangoni, akanivuta pembeni, na ile hasira ya mila ilikuwa imemtoka, amebaki mzee tu mwenye uchungu wa mtoto wa dada yake.

"We njo mukubwa yake," aliniambia. "Sema neno moja tu. Sema haiko na akili ya kuchagula. Miye namupandisha mu kamyo sasa hivi, kesho iko Kasenga, iko muzima."

Neno hilo lilikuwa mdomoni mwangu. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu wanaosimulia mambo haya siku hizi kwenye semina husimulia kama mtu unachagua kati ya jema na baya. Kamyo ilikuwa pale. Kasenga kulikuwa na samaki, na mto, na Zambia ng'ambo. Ningesema neno lile na mdogo wangu angepiga kelele nusu ya njia, kisha angenyamaza, angekula, angeishi. Nami ningekuwa nimemfanyia kile baba mdogo alichomfanyia kwa sukre, tofauti ikiwa kwamba mimi nampenda zaidi.

"Iko na akili," nilisema.

Mjomba aliniachia mkono. "Basi umemuua weye," alisema, akapanda kamyo yake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwangu, na alipokufa sikuitwa kumzika.

Stesheni tulifika watu wamekwisha jaza mabehewa, wengine wako juu ya paa wamejifunga kwa kamba. Baba mdogo alipigana mpaka akapata nafasi ndani, karibu na mlango. Mdogo wangu alipanda na bidoni ya maji, akamketisha mama mdogo kwenye godoro, akakaa mbele yake ili watu wasimkanyage tumbo. Nilimpa mkate na chumvi na sukari, nikamwonyesha tena jinsi ya kuchanganya maji ya mtu anayeharisha. Alirudia kwa vidole: chumvi kidogo, sukari nyingi, maji yaliyochemka. Nilikuwa na maneno mengine mengi lakini treni ilishtuka, na watu wakapiga yowe, nami nikabaki nakimbia kando ya behewa kama kichaa. Hakunipungia mkono. Alikuwa ameikumbatia bidoni isimwagike.

Baada ya hapo ilikuwa kimya. Shule yangu ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Nyumba ya Ruashi ikavamiwa na watu ambao sikuthubutu kuwauliza ni kina nani. Kila aliyetoka upande wa Kamina, njia ya treni ile, nilimwuliza kuhusu msichana mwenye bidoni, mzito wa kujibu, akiwa na mama mjamzito. Wengine walinidanganya kwa wema. Nilikonda mpaka mume wangu akaogopa. Nilikuwa nikiosha vyungu asubuhi najikuta nimesimama, natega sikio.

Fujo zilipopoa na watu wa Kasai wakaanza kurudi mmoja mmoja kimyakimya, mama mmoja mfanyabiashara alipiga hodi kwangu. Alikuwa katika behewa lilelile. Alikataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

Injini ilikatika wakiwa porini, alisema, na wakakaa pale siku nyingi bila mtu kuwajia. Baba mdogo alianza kuharisha, mdogo wangu akamchanganyia maji kama nilivyomfundisha, lakini sukari ilikwisha, wakamzika kando ya reli. Mama mdogo alijifungua ndani ya behewa lililosimama. Damu haikukata. Alifia mikononi mwa mdogo wangu, na mtoto, msichana, akabaki hai.

Watu wa behewa walisema mtoto yule aachwe alale na mamake, hataona kesho. Mdogo wangu alimfunga kifuani na akaanza kupita kwa kila mwanamke anayenyonyesha, behewa hadi behewa, akiomba titi. Wengine walimfukuza. Alirudi tena. Mama huyu mwenyewe alimnyonyesha mara kadhaa pamoja na wake. Hivyo, titi hadi titi, mtoto alifika Mwene-Ditu, kule Kasai, akiwa analia kwa nguvu, na mdogo wangu alishuka naye kwa miguu yake.

Nilimshika yule mama mikono. Nilikuwa nalia na kucheka. Mdogo wangu yuko hai, na alikwenda kufanya alichosema anakwenda kufanya, na akakifanya. Nilitaka kukimbia mpaka Kasenga kumwambia mjomba. Lakini mgeni wangu hakucheka nami.

Ndugu wa baba waliwapokea, aliendelea, na jioni ileile wakaketi kikao. Walimwona mdogo wangu, wakamwona mtoto, wakaamua kwa dakika chache. Mtoto alichukuliwa kupelekwa kwa shangazi katika mji mwingine, kwa sababu mtu kama yule hawezi kulea. Mdogo wangu akapewa tuteur, kaka mkubwa wa baba, mzee ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku ile. Anamlisha, anamvika, hampigi. Lakini mdogo wangu haruhusiwi kutoka uani. Asubuhi anasimama kwenye lango na kikwembe cha kubebea mtoto kikiwa kimefungwa mgongoni, kitupu. Wamekizoea, hawamfungui tena. Hata chupa ya sukre hawakumwekea.

Yule mama alikuwa amekwenda kumuaga kabla ya kusafiri. Walimwachia waongee langoni. Alimwambia anakuja Lubumbashi, kama ana neno la kumpa dada yake. Mdogo wangu alisema kesho. Mama yule akaahirisha safari siku moja, Mungu ambariki, akarudi langoni asubuhi.

"Ambia yaya," mdogo wangu alimwambia, "habakuniuliza."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Mgeni alipoondoka aliniambia taratibu kwamba mimi sina nguvu yoyote kule, kwamba wazee wale hawanijui, kwamba mwanamke aliyeolewa Katanga hatapewa hata kiti katika kikao cha Kasai, na kwamba treni bado ni zilezile. Yote yalikuwa kweli na sikubishana naye. Niliingia chumbani, nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikaanza kutia nguo.